Alama Nyuma ya Mlango wa Dereva

Jumatatu, 4 Machi. Mawingu, hakuna mvua.

Daftari hili sikulinunua mimi. Nimepewa na mteja, tena kwa amri. Mwalimu mstaafu, mwenye lile gari jeupe la zamani ambalo marehemu fundi wangu alilihudumia tangu mimi naanza kushika bisibisi, ameingia gereji asubuhi na kuliweka juu ya meza yangu ya kazi, katikati ya mota mbili nilizozifumua.

"Mwanangu, kila siku utaandika. Tarehe, hali ya hewa, gari limefanya nini, na wewe umefanya nini."

Nikamwambia mimi huandika kichwani.

"Kichwani mwako mimi siwezi kusoma," akasema.

Basi naandika. Tatizo ni loki za umeme. Mlango wa abiria wa mbele unajifungua loki wenyewe gari likiwa barabarani. Si kila siku. Unaweza kutulia wiki nzima, halafu ghafla, ta, kipini cha loki kinaruka juu pale dirishani. Kwenye gari lingine ningecheka. Lakini kiti hicho hukaliwa na mume wake, ambaye aliendesha basi miaka thelathini na moja na sasa kumbukumbu zinamtoka moja moja. Nyumbani huzunguka vyumba vyote akitafuta funguo za basi ambalo halipo tena. Akiingizwa garini hutulia. Kila alasiri Mwalimu humzungusha mjini saa nzima, na hiyo ndiyo saa ambayo wote wawili wanapumzika. Loki ikiwa chini, Mzee huvuta mkono wa mlango, mlango unakataa, naye anasahau. Loki ikiwa juu, anashuka. Mwezi uliopita alishuka kwenye taa nyekundu.

Nilimuuliza kwa nini asimkalishe nyuma, penye loki ya watoto. Alinitazama kama mwanafunzi aliyekosa swali rahisi.

"Tulijaribu. Alipiga kelele njia nzima kwamba basi linakwenda bila dereva."

Mtoto wao wa kwanza, anayeishi mji mwingine, ameshatayarisha chumba. Amesema baba akishuka tena barabarani, anakuja kumchukua. Baba peke yake, kwa sababu chumba ni kimoja na kitanda ni kimoja. Wana miaka arobaini na sita ya ndoa hawa.

Nimemwambia Mwalimu aondoe shaka. Mtaa mzima wa gereji unaniita Bi Fyuzi, na jina hilo sikupewa kwa uzuri wa sura. Milango minne ni kazi ya siku mbili.

Jumanne, 5 Machi. Jua.

Naeleza kidogo, maana msomaji wangu ni mwalimu. Hapa mtaani tuna desturi yetu: fundi akifungua paneli ya mlango, kabla hajairudisha huandika alama yake na tarehe kwenye bati la ndani. Anayekuja baadaye anajua nani alipita. Ukikuta alama ya mtu unayemwamini, husumbuki kupima kazi yake upya. Inaokoa muda sana.

Mlango wa abiria: alama ya Gundi, ya miaka mitatu iliyopita. Nikacheka peke yangu. Gundi ana gereji upande wa pili wa barabara, na aliitwa hivyo kwa kuwa hakuna kitu duniani asichokibandika. Kweli bwana, mota ya loki nimeikuta imeshikiliwa na gundi nyeupe, imepakwa kama siagi kwenye mkate. Nimebandua takataka zote, nimefunga mota nyingine kwa skrubu, kama watu wanavyofanya.

Milango ya nyuma nimeipima, mizima. Mlango wa dereva nimeinua paneli kidogo tu, nikaona F yangu na tarehe ya miaka tisa iliyopita, nikairudisha. Huo nilishaufanya mwenyewe. Hauna neno.

Jumatano, 6 Machi. Jua.

Milango wazi, gari chini ya paa langu, nimefunga na kufungua loki mara hamsini. Zote hamsini sawa. Mwalimu alikuja na mumewe kuchukua gari. Mzee akakaa kwenye kiti chake, akavuta mkanda, akanigeukia.

"Kondakta, milango imefungwa?"

"Imefungwa, dereva."

"Basi twende."

Wakaondoka, nami nikabaki nimeshika kiuno kwa raha.

Jumatatu, 11 Machi. Jua. Gari kimya.

Alhamisi, 14 Machi. Mvua, ya kwanza msimu huu.

Loki imejifungua mara mbili. Mwalimu hakugomba. Alisema tu, "Umeandika kwamba limepona. Futa." Nimefuta.

Jumamosi, 16 Machi. Mawingu.

Nimebadilisha rilei, ile inayopokea amri ya kufunga na kufungua na kuipeleka milangoni. Ya zamani ilikuwa na kutu. Gundi alipita akaniona nimelala chini ya dashibodi, miguu nje.

"Bi Fyuzi, umeangalia mipira ya waya pale kwenye bawaba?"

"Wewe kaangalie gundi yako isikauke," nikamjibu. Akacheka akaenda zake. Yaani huyu ndiye wa kunifundisha mimi umeme!

Jumanne, 19 Machi. Jua. Kimya.

Jumamosi, 23 Machi. Mvua mchana kutwa.

Mara tatu. Ya tatu, Mwalimu aliendesha kwa mkono mmoja, wa pili amemshika mumewe mkanda, kutoka mzunguko wa barabara hadi kwao. Bega linamuuma.

Mtoto wao amenipigia simu. Sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa ofisini. Anataka kujua kama gari lina dawa au halina. Nikamwambia lina dawa, ila kuna fundi mwenzangu aliliharibu zamani na mimi nasafisha uchafu wake. Akataka jina. Nikampa.

Jumatano, 27 Machi. Mvua, kisha jua.

Leo Mwalimu amekaa gerejini na kalamu nyekundu, akalipitia daftari langu ukurasa kwa ukurasa. Amezungushia duara kila siku yenye mvua. Kisha amezungushia kila siku loki ilipojifungua. Maduara yamelaliana.

"Unaona nini?" akauliza.

"Maji, mwalimu."

"Kaa."

Nimejisikia vizuri kama niko darasa la nne. Kwa hiyo maji yanaingia kwenye mlango wa abiria. Nimeuvua upya, nimetandika nailoni mpya, nimebadilisha raba ya dirisha, viunganishi vyote nimevipaka grisi. Hata chura asingeweza kuingia.

Jumanne, 2 Aprili. Manyunyu kidogo. Kimya!

Nimemwambia Mwalimu kazi imekwisha. Nimempigia na mwanaye. Nimeimba nikifagia.

Alhamisi, 4 Aprili. Mvua kubwa tangu asubuhi.

Mwalimu atanisamehe mwandiko.

Saa kumi kasoro simu iliita. "Ametoka," akasema, basi. Walikuwa wanapanda kilima cha soko, gari likienda taratibu nyuma ya lori, loki ikaruka, mlango ukafunguka, na Mzee akashuka kama mtu aliyefika kituo chake. Alianguka magoti, akainuka, akapotea katikati ya watu waliokuwa wanakimbia mvua. Mpaka Mwalimu anapata pa kusimamisha gari, hakumwona tena.

Niliacha gereji wazi. Tulimtafuta saa moja na nusu. Mwalimu alitembea ndani ya maji, viatu mkononi, akiuliza kila duka, "Mmemwona baba mmoja mrefu, shati la bluu, anatembea kama ana haraka?" Watu walikuwa wanatikisa kichwa. Nilikuwa nyuma yake hatua mbili. Sijawahi kuogopa hivyo, hata siku niliyopigwa na umeme wa jenereta.

Halafu simu yangu ikaita, Gundi. Nusura nisipokee.

"Bi Fyuzi, yule mzee wenu niko naye. Mzima. Magoti tu yamechubuka."

Tuliwakuta kwenye stendi ya zamani, ambayo siku hizi ni yadi ya mbao tu. Gundi alikuwa amelowa mpaka soksi. Koti lake alikuwa amemvika Mzee. Wamesimama mmoja nyuma ya mwingine, wima kabisa.

"Kasema tupange foleni, basi linakuja," Gundi akaniambia. "Nikaona nisimwache peke yake kwenye foleni."

Mwalimu alipiga magoti palepale kwenye matope, akaanza kumfuta mumewe damu kwa upindo wa kitenge chake.

Gundi aliwarudisha kwa pikapu yake. Mimi niliendesha gari jeupe hadi gerejini, na Mzee alipokuwa anapandishwa kwenye pikapu alinitupia jicho. "Kondakta, milango imefungwa?" Nilijifanya natafuta funguo.

Mwanaye anakuja Jumapili.

Ijumaa, 5 Aprili. Mvua.

Sikulala vizuri, na alfajiri nikampigia Mwalimu kuuliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza siku ya kwanza.

"Mwalimu, loki ikiruka, unasikia mlio mmoja au zaidi?"

Akafikiri. "Mingi. Jana ilikuwa kama mtu amedondosha kijiko ngazini."

"Kwa hiyo ni milango yote?"

"Mwanangu, mimi hutazama mlango wake tu."

Nikakaa chini. Mlango mmoja ukijifungua, ubovu ni wa mlango huo. Milango minne ikijifungua kwa pamoja, kuna mahali pametoka amri, na kwenye gari hili amri hutoka sehemu moja: swichi ya mlango wa dereva. Mlango wenye F yangu.

Nikalitoa gari nje ya paa, nikalisimamisha mvuani. Nikakaa kiti cha dereva, mlango nikaufunga. Hapo ndipo nilipotambua kwamba kwa mwezi mzima nimepima gari hili likiwa kavu na milango yake wazi, kwa sababu ndivyo tunavyofanya kazi, paneli iko chini na mlango uko wazi. Hakuna anayepanda gari akaacha mlango wazi. Nikasubiri. Dakika kama ishirini, vioo vimejaa ukungu wa pumzi zangu. Kisha: ta-ta-ta-ta.

Nikauvuta ule mpira unaopitisha nyaya kati ya mlango na bodi, pale kwenye bawaba. Umepasuka upande wa chini, umejaa maji. Ndani yake, waya wa kufungulia uliwahi kukatika na mtu akauunga palepale, mahali panapokunjwa kila mlango unapofungwa. Tepu imelegea, shaba iko wazi, na kando yake kuna waya wa bodi, ule wa kurudishia umeme, uliochubuka. Mlango ukiwa wazi haviwezi kugusana. Ukifungwa vinalala pamoja, na maji yakiingia ndiyo basi.

Nilikwishafungua mdomo nimtukane Gundi. Kisha nikaitazama tepu. Imezungushwa kwa kurudi nyuma. Mafundi wote wa mtaa huu huzungusha tepu kwenda mbele, kwa mkono wa kulia. Anayezungusha kwa kurudi nyuma ni mmoja tu, naye ni mimi, ninayeshika kila kitu kwa mkono wa kushoto.

Nimekumbuka mpaka siku yenyewe. Marehemu alikuwa ameenda kula. Alikuwa amenionya mara mia: kiungo cha waya kikae ndani ya mlango, kisikae kwenye mpira. Lakini kuvuta waya mpya ilikuwa kazi ya saa mbili, na mimi nilitaka akirudi akute nimemaliza. Akakuta nimemaliza. Akanisifu, akaniambia niweke alama yangu. Ilikuwa ndiyo alama ya kwanza niliyowahi kuandika.

Alama hiyo imenifumba macho mwezi mzima. Kama ningekuta G pale, ningeufumua mlango wote siku ya kwanza, na Mzee asingeanguka magoti kilimani. Naona aibu. Naiandika hapa kwa sababu niliambiwa niandike gari limefanya nini na mimi nimefanya nini.

Jumamosi, 6 Aprili. Mvua.

Nimevuta nyaya mpya mbili, nzima, bila kiungo, kutoka swichi hadi chini ya dashibodi. Mpira mpya. Saa tano na nusu za kazi. Chai imepoa mara tatu.

Nimevuka barabara, nimemwambia Gundi kila kitu. Alinisikiliza huku akipangusa mikono.

"Kwa hiyo yule mtoto wao aliyekuja juu kwenye simu, akaniita muuaji, ni wewe ulimpa jina langu?"

"Ni mimi."

"Na mpira wa kwenye bawaba nilikuambia."

"Uliniambia."

Akatupa tambara lake mezani. "Ile mota kweli niliibandika," akasema mwisho. "Skrubu zilikuwa zimekwisha. Lakini ilishika miaka mitatu, usisahau kuandika." Nimeandika.

Jumapili, 7 Aprili. Mvua asubuhi, mawingu mchana.

Nimekwenda nyumbani kwa Mwalimu nikiwa na gari, daftari, na Gundi. Mtoto wao alikuwa sebuleni. Mabegi mawili ya Mzee yalikuwa yamesimama mlangoni, na Mzee mwenyewe amekalia moja, anauliza basi linaondoka saa ngapi. Mwalimu alikuwa amevaa vizuri na amekaa wima, lakini leso mikononi mwake ilikuwa imekunjwa ikawa ndogo kama kidonge.

Mtoto wao alipomwona Gundi alisimama. "Huyu ndiye?"

Njiani nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Yote yakanipotea.

"Huyu ndiye aliyemwokota baba yako," nikasema. "Aliyeharibu ni mimi. Miaka tisa iliyopita niliunga waya vibaya kwenye mlango wa dereva, na mwezi huu wote sikuuangalia kwa sababu niliona alama yangu."

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyemwangusha baba yangu barabarani."

"Ndiyo."

Akageukia mama yake. "Mama, umesikia? Na unataka nimwache baba kwenye gari la huyu?"

Mwalimu akanyoosha mkono kwangu. "Umeandika?"

Nikampa daftari. Akavaa miwani. Akasoma tarehe tano Machi, kisha tarehe tano Aprili, kidole kikifuata mstari. Sebule nzima ilimsubiri. Nilidhani atalifunga na kunionyesha njia.

"Kosa lipo, na tarehe yake, na sababu yake," akasema. Akamkabidhi mwanaye daftari. "Sasa tuone masahihisho. Wewe utakaa kiti cha baba yako."

Tukatoka. Gundi akavuta mpira wa bustani. Mtoto wao, na suruali yake ya pasi, akaingia kiti cha mbele. Mwalimu akaingia nyuma ya usukani, akafunga mlango, akabonyeza loki chini. Gundi akamwaga maji kwenye bawaba, saa nzima kwa saa ya Mwalimu, huku mimi nikifungua na kubamiza mlango wa dereva kila dakika tano na loki kubonyezwa upya. Mtoto wao alivuta mkono wa mlango wake mara nyingi mno. Mwanzoni alivuta kwa hasira. Baadaye alivuta kwa kubahatisha. Mwishoni alikuwa anavuta bila kuangalia, anaongea na mama yake, na kutoka nje nilimwona Mwalimu akicheka kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze. Loki haikuruka.

Aliposhuka, mkono mmoja wa shati umelowa, aliniuliza, "Na mwakani, mvua zikirudi?"

"Kila tarehe mosi naufungua huo mlango na kuutazama kwa macho yangu. Na baada yangu atautazama huyu." Nikamwonyesha Gundi.

"Naanzia kwenye viungo vyake," Gundi akasema. "Nimeshajua unavyozungusha tepu."

Mtoto wao akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amebeba mabegi mawili, nami nikajua tumeshindwa. Akayapitisha mbele yetu, akayazungusha nyumba, akayaingiza kwa mlango wa jikoni, kwenye chumba cha wazazi wake.

"Hapo mlangoni yanazuia njia," akasema.

Jumatatu, 8 Aprili. Mvua.

Kabla ya kurudisha paneli ya mlango wa dereva, nimeiacha F ya zamani ilivyo, sikuifuta. Chini yake nimeandika F nyingine na tarehe ya leo. Kisha nimemwita Gundi avuke barabara, apime, aandike na yake. Alitumia robo saa kupima, na nusu saa kunitania.

Alhamisi, 18 Aprili. Mvua kubwa. Kimya.

Jumatano, 1 Mei. Manyunyu. Nimeufungua, nimeutazama, mkavu. Gundi naye ameutazama. Amekuta mkavu, akaonekana kama amesikitika.

Jumanne, 14 Mei. Mvua ya mwisho, nadhani. Kimya.

Jumatatu, 20 Mei. Jua.

Daftari limebakiza ukurasa huu. Mwalimu alilichukua wiki nzima akalirudisha na masahihisho yake mekundu, mengi ya vituo na herufi kubwa. Penye tarehe tano Aprili hakusahihisha kitu. Ametia alama ya vema, ndogo, pembeni.

Alasiri wamepita gerejini wakiwa kwenye mzunguko wao. Hakukuwa na ubovu wowote. Mzee ndiye aliyeona bango langu akasema hapa ni kituo. Mwalimu akasimamisha gari, hakuzima injini. Magoti ya Mzee yamepona. Ameshusha kioo kidogo.

"Kondakta, milango imefungwa?"

"Subiri, dereva."

Nikalizunguka gari. Niliivuta yote minne, mmoja baada ya mwingine, na wa dereva nikauvuta mara mbili. Alinisubiri bila haraka, akinifuata kwa macho kwenye kioo cha pembeni.

"Imefungwa, dereva."

"Basi twende," akasema, akaweka mkono wake juu ya mkono wa mkewe uliokuwa kwenye gia.